Njooni Kwangu Alhamisi Saa Sita

Nilimkamata mwenye hadiwea mchana kweupe, akivuka barabara kutoka hoteli ya ng'ambo, mfuko wa karatasi mkononi na mafuta ya kuku yakimng'aa mdomoni.

Hakuniona. Alikuwa anatembea polepole, ile raha ya mtu aliyeshiba vizuri na hana haraka ya kurudi kazini. Nilimsubiri kwenye baraza ya duka lake la vifaa vya ujenzi, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika mwiko, kwa sababu nilikuwa nimetoka jikoni, kwenye hoteli yangu ya samaki, mbiombio bila hata kukumbuka kuuacha.

"Habari ya kula," nikamwambia.

Mtu mzima mwenye wajukuu, aliuficha ule mfuko nyuma ya mgongo.

"Aa, mama, habari yako. Ni vijana wa duka waliniagiza."

"Vijana wa duka wanakula kwa mdomo wako?"

Akajipangusa kwa kiganja. Mimi nikawa nimeshapanda hasira, na nikipanda sishuki haraka, kila mtu Migori analijua hilo.

"Waya wa jiko langu nilinunua wapi? Rangi ya ukuta? Na ile bawaba ya mlango inayolia kama paka, nani aliniuzia akaniapia ni ya chuma safi?"

"Kwangu," akasema.

"Binti yako alipoolewa, samaki wa wakwe alipika nani?"

"Si ni wewe."

"Haya. Hao wa ng'ambo wamewahi kununua kwako hata msumari mmoja?"

Akafikiria kweli, maana ni mtu mkweli hata akiwa na makosa. "Hao vitu vyao huja na lori kutoka Nairobi."

"Vinakuja na lori, na pesa zako zinarudi na lori hilo hilo. Yawa! Omera, ndugu yangu, wewe unawapakilia mwenyewe."

Watu wa stendi walikuwa wameanza kusimama kusikiliza, na kuna mmoja alicheka kwa sauti. Mwenye hadiwea akaniambia kwa unyenyekevu kwamba alikuwa anabadilisha mdomo tu. Nikamwambia mdomo ubadilishe lakini tumbo ulilete kwangu, nikageuka nikarudi jikoni, na samaki niliyemwacha kwenye karai alikuwa ameungua upande mmoja. Nikamla mwenyewe.

Nisieleweke vibaya. Ile hoteli ya ng'ambo ni safi. Ina vioo, ina baridi ya mashine, ina wasichana wenye kofia za aina moja wanaokuambia karibu hata kama hawajawahi kukuona. Ilipofunguliwa mji mzima ulipiga foleni, na mimi nikapiga pia, nikala, nikalamba vidole. Kuku wao si mbaya, siwezi kusema uongo. Lakini nilikaa pale nikaanza kutazama meza, kitu kimoja kimoja, nikijiuliza kimetoka wapi. Viazi vilikatwa vikagandishwa huko mbali. Nyanya ilikuwa ndani ya kipakiti. Kuku mwenyewe alifika akiwa barafu. Hapakuwa na kitu ambacho mkono wa mtu wa Migori ulikuwa umekigusa, isipokuwa mkono wa yule msichana aliyepokea pesa yangu, na yeye alikuwa anaipokea kwa niaba ya watu wengine.

Kwangu si hivyo. Kwangu kuna mwanamke anayetoka Sori alfajiri na beseni la samaki, na nikishamlipa anapita moja kwa moja kwa fundi wa nguo, mlango wa tatu kutoka wangu, kulipia sare ya mtoto. Fundi huyo mchana anakuja kwangu kula. Mboga zangu, mnavu na mlenda na kunde, zinaletwa na kina mama wa Suna waliozichuma jana jioni. Unga nasagiwa nyuma ya soko, mtama ukichanganywa na muhogo. Pesa ya mteja wangu wa asubuhi, kufikia jioni huwa imeshalala katika nyumba tatu nne za mji huu. Sikusomea biashara mahali popote, lakini hilo naliona kwa macho yangu kila siku, na mtu asije kuniambia ni hadithi.

Na kwangu hakuna karatasi ya kuchagulia chakula. Mteja anakuja mpaka kwenye beseni, anamtazama samaki machoni, anafunua shavu kuona kama ndani bado ni pekundu, halafu ananionyesha kwa kidole: huyu. Namkaanga huyo huyo, na kichwa chake, na mkia wake, kisha namrudisha kwenye mchuzi wa nyanya na kitunguu mpaka aive ndani. Mtu akiletewa sahani anamjua samaki wake. Kuna wengine huniuliza, "Mama, huyu ndiye?" na mimi nawaambia, "Muulize mwenyewe."

Kazi hii nilifundishwa na mama yangu kule Homa Bay, kando ya ziwa, akikaanga kwenye karai jeusi na kunichapa kidole kila nilipotaka kumgeuza samaki mapema. Samaki akigeuzwa mapema hupasuka, na samaki aliyepasuka humwekei mgeni. Nilipoolewa nikahamia Migori, na mume wangu, ambaye alikuwa makanika pale stendi, alichukua likizo ya wiki nzima akanijengea meko kwa matofali na udongo ndani ya kile chumba cha pembeni nilichopanga kwa ajili ya hoteli. Alilala chini akapima upepo kwa moshi wa sigara yake ili ajue tundu la hewa liwe wapi. Amekufa sasa. Meko yake mpaka leo hayafukizi moshi ndani, na watoto wangu wote wamesomeshwa na moto huo. Mambo mengine ya hoteli yangu unaweza kuyabeba kwa mkokoteni ukahama nayo. Meko hayo hayabebeki.

Kwa hiyo utaelewa nilivyohisi Jumatatu ile, siku chache baada ya kugombana na mwenye hadiwea, mama mwenye jumba alipoingia, akakaa, na nilipomwekea kikombe akakisukuma kando.

Safu yote ile ya maduka, yenye baraza moja refu mbele, ni yake. Aliijenga mume wake, na tangu awe mjane anaisimamia mwenyewe. Ni mkubwa kwangu kwa miaka mingi, mwembamba, hana maneno mengi. Tangu nilipokuja huniita nyar nam, yaani binti wa ziwa, na hajawahi kunidhulumu hata siku moja. Lakini chai yangu alikuwa hajawahi kuikataa.

"Nyar nam," akasema, "watu wa ng'ambo wanakitaka chumba hiki. Wanataka mahali pa kuweka vitu vyao, na hapa ni karibu."

"Umewaambiaje, mama?"

"Sijawaambia kitu. Wanamtuma kijana wao apime Alhamisi. Nitakuja naye saa sita na nusu."

Akazitazama meza zangu. Ilikuwa saa saba mchana na palikuwa na watu wawili, mmoja akiwa amelala.

"Zamani nikipita hapa mchana nilikuwa naona migongo ya watu," akasema. "Siku hizi naona viti. Chumba chenye kazi mimi sikigusi, unanijua. Lakini chumba kikilala..."

Hakumalizia. Alisimama, akaniaga vizuri, akaenda zake na mwavuli wake.

Niliogopa. Nasema wazi kwa sababu wanaonijua hudhani siogopi kitu. Nilisimama mbele ya yale meko, nikaweka kiganja juu ya udongo wake wa moto. Halafu hofu ikageuka hasira, kama kawaida yangu, na hasira ndiyo inayonifaa zaidi. Nikajiambia: wanataka migongo? Nitawajazia migongo. Mimi ni mtu wa mji huu. Nimelisha mji huu. Haiwezekani nishindwe kujaza chumba kimoja siku moja.

Nikafunga leso kiunoni nikaanza mlango kwa mlango. Kwa fundi wa nguo, kwa kinyozi, kwa mwenye duka la dawa, kwa mama wa viatu. Nikaenda mpaka kwa kina mama wa nyanya sokoni. Kote nilisema maneno yale yale, kwa sababu sikutaka kurefusha, na zaidi sikutaka kuonewa huruma: "Nina shida. Njooni kwangu Alhamisi saa sita."

Hakuna aliyeuliza shida gani. Kwetu mtu akikuambia ana shida humchimbi. Unauliza siku na saa, basi. Fundi aliweka mkasi chini, akanishika mkono. Kinyozi alizima mashine yake, mteja akabaki nusu kichwa, akaniambia, "Tutafika, mama." Mwishoni nikafika kwa mwenye hadiwea. Alinitazama kama anayetarajia mwiko. Nikamwambia hayo hayo.

"Alhamisi saa sita," akarudia. "Hata kama dunia inaisha."

Nilitoka pale kifua mbele. Mji ulikuwa wangu.

Jumatano nikaenda Homa Bay, kwa dada yangu anayeuza samaki karibu na gati. Nilitaka wa kipekee, wale wanaofika kutoka Remba na visiwa vingine wakiwa bado wanapiga mkia. Homa Bay ni kwetu, na nikifika najisikia mrefu kidogo. Nilipita katikati ya mji, vile vihoteli vya watu ninaowajua tangu utotoni vimejaa mchana ule, watu wanaosha mikono wakisukumana kwenye bomba, na nikafurahi kwa ajili yao na kuwaonea wivu papo hapo.

Dada alinijazia kreti, tilapia wale tunaowaita ngege, wakubwa wenye shingo nene, akaniangalia.

"Nani anaolewa?"

Nikamweleza yote, pamoja na jinsi nilivyopita nikiwaalika watu.

"Umewaambia waje kufanya nini?"

"Waje. Si wanajua mimi nina hoteli? Mtu akija hotelini anakuja kufanya nini?"

Alitaka kusema kitu, akaacha, akanifungia kreti kwa majani mabichi. Alinitoza nusu ya bei na kuniapisha nisimwambie mumewe.

Alhamisi niliamka kabla ya jogoo. Nilifagia mpaka nje ya baraza. Mnavu nilikuwa nimeuchemsha tangu juzi, nikauongezea maziwa jana, na leo tena, mpaka ukawa laini na ule uchungu wake umebaki kidogo tu wa kuchezea ulimi. Nilisonga ugali mkubwa. Nilipanga samaki kwenye beseni, macho juu, wote wakitazama mlango. Nilivaa gauni ninalovaa kanisani. Nilikuwa nina uhakika, nakuambia. Nilikuwa naimba.

Saa sita wakaanza kuingia.

Wa kwanza alikuwa fundi wa nguo. Alikuwa amebeba kikapu, na ndani yake hotipoti. Nikadhani anaipeleka mahali. Akaiweka mezani, akaifungua, ugali ukatoa mvuke.

"Pole sana, mama," akasema, akakaa.

Akaingia kinyozi na mikate miwili na pakiti za maziwa. Akaingia mwenye duka la dawa na sukari na majani ya chai, akaniwekea mkononi kwa heshima, mikono miwili. Wakaja kina mama wa nyanya, watatu kwa mpigo, na sufuria la omena, vidagaa vya ziwa, limefunikwa kwa kitambaa. Mama wa viatu alileta maharagwe. Mwenye hadiwea aliingia mwisho, amevaa koti, anasukuma kreti ya soda kwa mguu na gunia la makaa liko begani. Akalitua jikoni kwangu. Akavua kofia.

Chumba kilijaa. Migongo ilikuwepo, hakuna kiti kilichobaki. Na kila mgongo ulikuwa umeinama juu ya chakula chake mwenyewe! Walikuwa wananyamaza vile watu wanavyonyamaza kwenye nyumba yenye msiba. Mmoja wa kina mama wa nyanya alikuwa anapakua omena na kuwapitishia wenzake. Kinyozi aliuliza kwa sauti ya chini kama tungeanza kwa maombi.

Mimi nilisimama katikati na mwiko wangu, samaki wa Homa Bay wakinitolea macho kutoka kwenye beseni, na ndipo nikaelewa nilichokifanya. Nimezaliwa huku. Nimekulia huku. Mwenyewe sijawahi kwenda kwa mwenye shida mikono mitupu, hata mwaka ule ambao sikuwa na kitu nilibeba kuni. Halafu napita mji mzima nasema nina shida, njooni, nikitegemea watu waje kununua! Uwi! Ningekuwa na mtu mwingine wa kumlaumu ningemla mzimamzima.

Nikatazama saa ya ukutani. Saa sita na robo.

"Funikeni," nikasema.

Wakanitazama.

"Funikeni hizo hotipoti! Ziwekeni chini ya meza! Wewe, hiyo omena, ipeleke jikoni! Mkate ufiche, ufiche!"

"Mama, keti kwanza," fundi akasema kwa upole, akaniwekea mkono begani. "Ni mshtuko huo."

"Si mshtuko! Mama mwenye jumba yuko njiani na mtu wa ng'ambo wa kupima hiki chumba, kwa sababu anasema sina wateja, na nyinyi mmekuja kula ugali wenu kwenye meza zangu!"

Kijiko kikaanguka mahali.

"Kwani shida ni hiyo?" akasema kinyozi.

"Ndiyo hiyo!"

"Si ungesema!"

"Si mngeuliza!"

"Mtu haulizwi shida yake!" wakasema karibu wote pamoja, na mama mmoja wa nyanya akaanza kucheka, akajaribu kuziba kicheko kwa leso, akashindwa, na kikawashika wengine, na hata mimi nikiwa na machozi ya hasira nikajikuta nacheka.

Ambaye hakucheka ni mwenye hadiwea. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Wanakitaka chumba kwa sababu ya viti," akasema, "na mimi ni mmoja wa waliokuwa wanaviacha wazi." Akaenda mpaka kwenye beseni. Aliinama, akamwangalia samaki wa kwanza, akafunua shavu la wa pili, akachukua muda wake. Kisha akaelekeza kidole. "Huyu. Nikaangie huyu."

"Umeshakula," nikamwambia. "Umekula maharagwe, nimekuona."

"Nikaangie, nimesema."

Wakainuka wengine nyuma yake. Wakapanga foleni kwenye beseni langu, watu walioshiba, wakibishana yupi mnene. Nikawasha moto mkubwa, nikamwaga mafuta. Karai lilipoanza kulia na harufu ikatoka mpaka barazani, hata abiria wawili kutoka stendi wakachungulia wakauliza kama kuna nafasi. Hotipoti zilibaki pale pale mezani, hakuna aliyekumbuka kuzificha.

Nilikuwa nimeshapakua samaki wawili wa kwanza mlango ulipolia, na mama mwenye jumba akaingia.

Kijana alikuwa nyuma yake, shati jeupe limepigwa pasi, tepe ya kupimia mkononi. Alitusalimu vizuri, sina neno naye, ni mtoto wa watu aliyetumwa kazi. Akaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa nyuma akaanza kuvuta tepe yake. Lakini chumba changu ni kirefu, na tepe ile ikivutwa peke yake inajikunja katikati na kuanguka. Akajaribu mara mbili. Akamgeukia kinyozi.

"Boss, nisaidie kushika hapa mwisho."

Kinyozi akatia mikono mfukoni. Kijana akamtazama fundi, fundi akawa anatoa miiba kwenye samaki kwa makini sana. Akamtazama mwenye hadiwea, ambaye huenda hiyo tepe ilinunuliwa kwake, ingawa sidhani. Mwenye hadiwea alitazama dari.

Mimi nilikuwa namtazama mama mwenye jumba. Hakuwa amesogea kutoka mlangoni. Alikuwa anavitazama vile vyakula mezani, kila sufuria, anaitazama mikate, anatazama gunia la makaa lililoonekana jikoni. Na ndipo nikaona kwamba chini ya leso yake, amekumbatia kwa mikono yote miwili, na yeye alikuwa amebeba hotipoti.

"Nyar nam," akasema, "nimesikia huko sokoni una shida, watu wanakuja kwako leo. Nikaona nilikuwa nakuja hata hivyo. Nisije mikono mitupu."

Ningeweza kunyamaza. Mtu mwenye busara angenyamaza, akasema asante mama, akapokea. Lakini nilikuwa nimebeba jambo hilo tangu Jumatatu, na mdomo wangu haujawahi kuniomba ruhusa.

"Shida yenyewe ni wewe, mama."

Niliona maneno yakimfikia. Yalimfikia polepole, yakapita usoni kwake, na mikono yake ikakaza kwenye ile hotipoti.

"Mama," kijana akaita kutoka ukutani, hakuwa amesikia au alijifanya hakusikia, "samahani, naomba unishikie tepe hapa mwisho kidogo tu."

Akamnyooshea ncha ya tepe. Mama mwenye jumba akaitazama ile ncha. Ili aishike, ilimbidi atue chakula alichobeba.

"Nina chakula mikononi," akasema. "Huoni?"

Kijana akasubiri, akidhani atakiweka chini. Mama hakukiweka chini. Alipita katikati ya meza na mwendo wake ule wa taratibu, mwenye duka la dawa akamwachia kiti, akakaa na watu. Ndipo akaitua hotipoti mbele yangu, akafungua kifuniko mwenyewe, akakipangusa kwa pindo la leso.

"Kunja tepe yako, mwanangu," akasema bila kugeuka. "Hapa watu wanakula."

Nilikaa chini kando yake. Alinimegea yeye mwenyewe, kwa mkono wake, mama wa umri ule. Ugali wake ulikuwa umepoa, una madonge ya unga usioiva, na omena alikuwa ameiunguza. Niliumaliza wote.